Nilivyojifunza Kufungua Shokapu za Pikipiki ya Theluji

Pikipiki yangu ya kwanza ya theluji niliinunua mwezi wa Novemba mjini Duluth, katika jimbo la Minnesota, kutoka kwa kijana aliyekuwa akihamia Arizona na ambaye, kwa sababu hiyo, hakuwa na hamu ya kuvutana bei. Ilikuwa toleo la mwaka 2011, mkanda wake una urefu wa inchi 137, na ilikuwa imeshatembea zaidi ya kilomita 11,000. Injini iliwaka bila kusumbua. Nilikagua mnyororo, breki, skii na hata vyuma vilivyo chini ya skii, nikaridhika na kulipa. Shokapu sikuzigusa. Hilo ni jambo la aibu kwa mtu aliyekulia kwenye gereji ya daladala Ngamiani, Tanga, ambako gari likiletwa fundi huanza kwa kukandamiza boneti kwa mikono miwili, kuachia, na kuhesabu linanesa mara ngapi kabla halijatulia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, sledi, kama wenyeji wanavyoiita, ina skii mbili mbele za kukatia kona na mkanda mpana wa mpira nyuma unaoisukuma. Haina matairi, na tatizo linaanzia hapo, kwa kuwa tairi likiwa na upepo wake humeza sehemu ya matuta madogo kabla hayajafika kwenye shokapu. Sledi haina mto wa namna hiyo. Kila kinachopita chini yake hupelekwa kwenye springi na shokapu, ambazo katika yangu ni nne: mbili mbele, moja kwa kila skii, na mbili zilizofichwa ndani ya mzunguko wa mkanda, yaani ya katikati na ya nyuma. Jirani yangu, mzee mstaafu wa migodi ya chuma iliyoko kaskazini mwa mji, anakumbuka sledi za ujana wake ambazo skii zilishikiliwa na springi za bapa kama za lori, na anaposimulia hushika kiuno bila kujua kwamba amekishika.

Njia ninayopita mara nyingi ni ile ya jimbo inayofuata ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Superior, kutoka Duluth hadi Grand Marais, umbali wa takriban kilomita 235. Usiku hupita mashine kubwa inayokwangua na kushindilia theluji, kisha baridi huigandisha hadi asubuhi ikawa kama sakafu. Kufika alasiri ya Jumamosi, baada ya mamia ya sledi kupita, sakafu hiyo imeshageuka vituta vya mfululizo, kimoja baada ya kingine, hasa kwenye kona na mahali watu wanapofunga breki au kuongeza mwendo. Aliyewahi kupita barabara ya Pangani enzi zile za changarawe hahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ni ugonjwa uleule: chombo kikirushwa na kituta kimoja hutua mbele yake na kuchimba kingine, na anayefuata huendeleza kazi aliyoikuta.

Safari yangu ya kwanza ndefu ilikuwa Jumamosi kama hiyo, nyuzi 18 chini ya sifuri. Baada ya kilomita 30 mikono ilikuwa imekufa ganzi, na si kwa baridi, kwa maana vishikio vya sledi vina umeme wa kuvipasha moto. Mgongo ulianza kulalamika nilipofika nusu ya njia, na niliporudi nyumbani mke wangu alinikuta nimelala chali sakafuni sebuleni, bado nimevaa viatu. Nilichoamini usiku ule ni kwamba sledi ni laini mno, kwamba springi zimechoka na inagonga mwisho kila inapopiga kituta. Imani hiyo ilinigharimu majira mazima ya baridi.

Kosa la kwanza lilikuwa la bure, angalau kwa upande wa fedha. Shokapu za mbele zina ringi yenye uzi inayokaa chini ya springi. Ukiizungusha unaikaza springi kabla haijabeba mzigo wowote. Nilizikaza zote mbili hadi karibu na mwisho, na nyuma nikageuza vikaza vya springi hadi namba ya juu kabisa. Sledi ikasimama wima kama mbuzi aliyeona chui. Kwenye matuta makubwa ilikuwa nafuu kidogo, lakini kwenye vile vituta vya mfululizo ikawa mbaya maradufu. Sikuelewa, na badala ya kurudi nyuma nikasonga mbele: nilikwenda kwenye duka moja la vipuri, muuzaji akaniuliza uzito wangu, nikamwambia kilo 96 pamoja na mavazi, naye bila kuuliza swali la pili akaniuzia springi nzito zaidi za mbele. Simlaumu sana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamwambia jibu kabla hajanipima ugonjwa.

Mwezi Januari nilimpigia simu mzee aliyenifundisha kazi kule Ngamiani, ambaye theluji ameiona kwenye televisheni tu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akacheka kwanza kwa dakika nzima kwamba nimesafiri nusu ya dunia kwenda kuumizwa na barabara mbovu wakati Tanga zilikuwepo za kutosha. Kisha akanitaka nimweleze. Nilipomaliza aliniuliza swali moja: "Mwanangu, springi umebadilisha, shokapu umefungua?" Nikasema hapana. "Basi umempa mgonjwa viatu vipya. Springi kazi yake kubeba. Anayetuliza ni shokapu, na shokapu hujaijua." Akakata simu kwa sababu mteja alikuwa amefika.

Maneno hayo nilikuwa nayajua tangu nina miaka 14, na ndiyo maana yaliniuma. Niliyapeleka kwa jirani, ambaye alikuwa na gereji nyuma ya nyumba yake yenye jiliwa nzuri, mtungi wa naitrojeni na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Nilitegemea tuanze na shokapu. Yeye aliniagiza nizing'oe zote nne na kuziweka pembeni, kisha akashika mkono unaobeba skii ya kushoto na kuuinua kwa vidole viwili. Ukapanda. Alipouachia ulibaki hukohuko juu, haukushuka. Bushi zilikuwa zimekauka na kushika kutu, na mkono ambao ulipaswa kudondoka kwa uzito wake wenyewe ulikuwa umekwama kama mlango wa stoo. Nyuma tulikuta ekseli moja ya fremu ya mkanda ikiwa katika hali hiyohiyo. Ilitubidi kuipiga nyundo ndipo ikatoka. Mwezi mzima nilikuwa nikishindana na kutu nikidhani nashindana na springi. Tulisafisha, tukabadilisha bushi sita, tukapaka grisi kila mahali penye nipo, yaani kitundu cha kuingizia grisi, na hata pasipo nacho, kwa kufungua.

Baada ya hapo alinifanya nipime. Kipimo chenyewe hakihitaji chombo chochote zaidi ya futi ya mkanda na mtu wa pili. Unainua sehemu ya nyuma ya sledi hadi springi zirefuke kabisa, unapima kutoka sakafuni hadi bamba la nyuma, kisha unaikalia ukiwa umevaa kila kitu utakachovaa safarini, pamoja na helmeti na begi, na mwenzako anapima tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi inachobonyea chini yako, na kwa sledi ya njia za kawaida inatakiwa iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa nyuma. Mwendo wangu wa nyuma ulikuwa kama sentimita 35, kwa hiyo nilitakiwa kupata sentimita 9 hadi 12. Nilipata 4. Kwa kukaza springi nilikuwa nimeinyima sledi uwezo wa kushuka kwenye mabonde madogo yaliyo katikati ya vituta, ikawa inaruka kutoka kilele hadi kilele na kila mara kutua kwa kishindo. Springi za zamani tulizirudisha, zile za dukani nikazitundika ukutani ambako ziko hadi leo, na tulipolegeza vikaza tulipata sentimita 10 bila kununua chochote.

Hapo ndipo ilipofika zamu ya shokapu zenyewe. Si kila shokapu inafunguka. Zipo ambazo kifuniko chake kimekunjwa au kuchomelewa kiwandani, na hizo zikichoka ni za kutupa. Kabla mtu hajaanza kuota habari za kubadilisha valvu za ndani, ajue kwanza ana aina gani. Zangu zilikuwa na kifuniko cha uzi na valvu ndogo ya gesi kwenye ncha, jambo ambalo kwa shokapu za mwaka ule lilikuwa bahati kuliko busara yangu.

Ndani ya shokapu ya aina hiyo kuna bomba lililojaa oili, na ndani ya bomba kuna pistoni iliyofungwa kwenye shafti. Pistoni ina matundu, na matundu hayo yamefunikwa pande zote mbili na rundo la washa nyembamba za chuma, ambazo ndizo valvu zenyewe. Skii inapopanda kituta, shafti huingia ndani, oili hulazimika kupita kwenye matundu na kuzipinda washa za upande mmoja ili ipate njia. Springi inapoirudisha skii chini, oili hupita kinyume na kuzipinda za upande wa pili. Ugumu wa kushuka, yaani shafti inapoingia, na ugumu wa kurudi, inapotoka, vinaamuliwa na marundo mawili tofauti. Kwenye ncha ya bomba kuna pistoni nyingine isiyofungwa na kitu chochote, inayotenganisha oili na gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, katika zangu, kwa psi 200, ilhali tairi la gari dogo lina psi thelathini na kitu. Gesi hiyo huibana oili isitoe povu inapochapwa, na hutumika naitrojeni kwa sababu ni kavu na haichokozani na chochote, tofauti na upepo wa kompresa unaoingia na unyevu wake.

Kwa sababu ya psi hizo 200, kitu cha kwanza ni kutoa gesi. Jirani hakuniruhusu kugusa spana kabla sijavaa miwani na kufungua valvu taratibu, uso ukiwa umeelekezwa pembeni, hadi mlio ukaisha, na hata baada ya kuisha akaibonyeza tena. Tulianza na shokapu ya katikati, ile iliyofichwa chini ya kiti, ambayo kwa maoni yake ndiyo hufanya kazi kubwa kuliko zote na kuangaliwa kidogo kuliko zote, kwa sababu hailetwi machoni na kitu chochote. Tuliishika kwenye jiliwa kwa kuizungushia kitambaa, tukafungua kifuniko, na nikaivuta shafti.

Oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Oili mpya ya shokapu ni nyepesi, yenye kung'aa, unaweza kusoma gazeti kupitia chupa yake. Hii ilikuwa ya kijivu, yenye chembe ndogo za chuma zilizometameta nilipoigeuza bakuli kwenye taa, na ilinuka kama kitu kilichoungua zamani. Isitoshe, haikujaa. Sili ilikuwa imechakaa, sehemu ya oili ilikuwa imeshapotelea njiani, na upepo uliochukua nafasi yake ndio niliokuwa nikiukalia. Watengenezaji wengi hushauri oili ibadilishwe kila msimu au kila baada ya kilomita elfu moja na nusu hadi elfu tatu hivi. Hii, nadhani, ilikuwa ndiyo ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Msimu ule hatukubadilisha valvu. Tulisafisha kila kitu kwa dawa ya kuoshea breki, tukaweka sili mpya, tukajaza oili mpya, na nikajifunza kazi moja ambayo haina njia ya mkato: kutoa mapovu. Unaishusha pistoni ndani ya oili polepole, unaipandisha nusu, unaishusha tena, huku ukigonga bomba kwa mpini wa bisibisi ili vipovu vilivyojificha kati ya washa vipande juu. Nilidhani nimemaliza baada ya dakika 3. Jirani alinionyesha kipovu kimoja, kisha kingine, na kazi ikachukua dakika 20 kwa kila shokapu. Pistoni ya kutenganisha gesi nayo lazima ikae kwenye kina kilichoandikwa na mtengenezaji, kwa milimita, kwa sababu ikikaa vibaya gesi hukosa nafasi ya kubanwa shafti inapoingia, na shokapu hugeuka gogo kabla haijafika mwisho wa mwendo wake.

Niliijaribu sledi siku ya Jumanne asubuhi, saa mbili, peke yangu njiani, na nikarudi nikiwa mtu mwingine. Ilielea. Nilimpigia jirani kumshukuru, nikamtumia mzee wa Ngamiani ujumbe mrefu wa sauti wenye majigambo. Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, nilipita palepale na mikono ikafa ganzi palepale. Nilichokuwa nimekijaribu Jumanne ni kazi ya mashine ya usiku, wala si kazi yangu. Tangu hapo nina kipande changu cha kilomita 12, kutoka daraja moja hadi kwenye makutano ya njia, ninachokijaribia siku ileile ya wiki na saa ileile, na kilomita 10 za mwanzo wa safari, kabla sijafika hapo, sizihesabu, kwa kuwa oili iliyolala kwenye baridi kali huwa nzito na kila shokapu huwa ngumu hadi ipate moto. Ni utaratibu wa kuchosha. Bila huo nisingejua lolote, kwa sababu mwili husahau haraka na hupenda kuamini kwamba fedha zimefanya kazi.

Hata hivyo isingekuwa haki kusema oili haikusaidia. Safari ya kilomita 100 ilikuwa imeacha kuharibika kadiri inavyoendelea. Zamani sledi ilianza vizuri kiasi na kumalizia vibaya, oili chafu ilipopata moto na kutoa povu, na sasa ilikuwa mbaya kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Ubaya usiobadilika una faida yake: unaweza kuutafutia sababu.

Msimu wa pili ndio tuliobadilisha valvu, na kwanza ilinibidi niachane na wazo kwamba tuta kubwa ndilo linalotaka shokapu ngumu na tuta dogo laini. Shokapu haioni ukubwa wa tuta. Inachokiona ni kasi ya shafti inavyoingia. Bonde refu, pana, lenye kina cha nusu mita, ukilipita kwa mwendo wa wastani, huiingiza shafti polepole. Kituta chenye ncha kali, kirefu kwa kimo cha kiganja tu, huiingiza kwa ghafla kama ngumi. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa sledi hutembea mita 11 kwa sekunde, na vituta vikiwa vimeachana mita moja, basi mara 11 katika kila sekunde shafti inaingizwa kwa nguvu na kutakiwa iwe imesharudi. Niliposhindilia springi nilikuwa nikijibu swali la bonde, wakati swali lililoniumiza lilikuwa la ngumi.

Rundo la kushuka la shokapu za mbele lilikuwa na washa kubwa nne za unene wa milimita 0.20, zikifuatiwa na nyingine zinazopungua kipenyo kama ngazi za mnara. Nilinunua za milimita 0.15, nikabadilisha zote nne kwa hesabu ya kichwani kwamba nimepunguza ugumu kwa robo. Hapo nilikuwa nimesahau kwamba ugumu wa bamba haupandi sambamba na unene wake bali kwa unene mara tatu kujizidisha wenyewe: robo tatu, mara robo tatu, mara robo tatu, inakupa kama asilimia 42 ya ugumu wa awali. Nilidhani natoa robo, kumbe nimetoa zaidi ya nusu. Kwenye vituta vidogo sledi ilikuwa tamu kuliko chochote nilichowahi kukikalia, kwa muda wa dakika 6 hivi, hadi nilipofika mahali njia inapovuka barabara ya magogo na pana mshuko mfupi. Skii zilipotua mpira wa kuzuia mwisho ulipigwa kwa sauti niliyoisikia ndani ya helmeti. Nilikuwa nimefunga kipande cha kamba ya plastiki kwenye kila shafti ili kionyeshe mwendo umeishia wapi. Vyote viwili vilikuwa vimesukumwa hadi ukutani.

Tulifungua tena, tukarudisha mbili za 0.20 na kuacha mbili za 0.15, jambo ambalo kwa hesabu ya washa hizo nne peke yake hukupa asilimia 71. Nikiwa napanga rundo hilo kwenye waya, kwa mpangilio, mkono uliniteleza. Washa 11 zilianguka kwenye sakafu ya saruji, nyingine zikaingia chini ya kabati. Kwa macho 0.15 na 0.20 ni kitu kimoja. Kwa vidole vyangu vilivyojaa oili pia ni kitu kimoja. Tulizipima moja moja kwa maikromita, huku jirani akiandika kwenye boksi la pizza, kazi iliyotuchukua jioni nzima, na ndiyo maana siku hizi kila rundo ninalolitoa hupitishwa kwenye waya na kupigwa picha kabla ya jambo lolote lingine.

Boksi lile la pizza lilitufaa kwa njia ambayo hatukuitegemea, kwa kuwa tulipozoea kupima tulipima pia shokapu ya nyuma, na tukakuta rundo lake la kurudi lina washa mbili zaidi ya zilizoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kuna mtu alishaifungua kabla yetu. Huenda alikuwa mzito, akaweka springi nzito na kuongeza washa ili zisimrushe, kisha alipouza akazirudisha springi za asili na kuacha washa ndani. Hiyo ni dhana yangu tu. Matokeo yake yalikuwa wazi zaidi. Kituta cha kwanza kiliibonyeza shokapu, na kabla haijapata nafasi ya kurefuka kilikuja cha pili, kisha cha tatu, hadi baada ya vituta kumi fremu ya nyuma ilikuwa imechuchumaa, imeishiwa mwendo, na mimi nikawa nimekaa kwenye kitu kigumu kama benchi. Nilipokuwa nikisema mwaka wa kwanza kwamba inagonga mwisho, nilikuwa nasema kweli. Ilikuwa inagonga kwa sababu hairudi, na hakuna springi ambayo muuzaji yeyote angeniuzia ingetibu hilo vizuri, isipokuwa kwa nguvu za kibabe.

Tulizitoa zile mbili. Jumamosi saa tisa alasiri, kwenye kilomita zangu 12, kwa mara ya kwanza nilisikia sehemu ya nyuma ikishuka ndani ya kila bonde dogo na kupanda nalo, mlio wa mkanda ukabadilika kutoka kishindo cha ngoma hadi kitu kama mvua juu ya bati. Mikono haikufa ganzi. Kamba za plastiki za mbele zilikuwa zimebakisha sentimita 1 na nusu hata baada ya ule mshuko wa barabara ya magogo. Tatizo jipya lilikuwa kwamba usukani ulikuwa mwepesi mno kwenye kona, kwa sababu mizani ya sledi nzima ilikuwa imebadilika; nilikaza mshipi unaozuia sehemu ya mbele ya fremu ya mkanda kwa tundu moja, uzito ukarudi kwenye skii, basi.

Nimeulizwa na Watanzania wenzangu wawili wa hapa, mmoja wao ana sledi mpya inayomtoa jasho la gharama, kama si rahisi zaidi kununua shokapu za kisasa zenye vitufe vya kurekebishia. Ni rahisi, na ni nzuri. Nimewahi kukalia za jirani. Lakini jumla ya nilichotumia kwa bushi, sili, oili, washa na kujazia gesi haikufika robo ya bei ya shokapu mbili za namna hiyo, na kama ningezifunga mwaka ule wa kwanza juu ya mikono iliyokwama kwa kutu na springi zilizokazwa hadi shingoni, zingeumiza vilevile, kwa fahari zaidi. Kwa ambaye hana mtungi wa naitrojeni wala jirani mwenye jiliwa, karakana zinazofanya kazi hii zipo, na jambo la kuwapelekea si malalamiko kwamba sledi ni ngumu, bali uzito wako ukiwa umevaa, kipimo cha inavyobonyea, mahali kamba ya plastiki ilipoishia, na maelezo ya kituta cha namna gani kinakuumiza, mwanzoni mwa safari au mwishoni.

Mwezi wa Aprili, theluji ilipobaki vivulini tu, niliifungua tena shokapu ya katikati baada ya kilomita 1,900. Oili ilikuwa na rangi ya chai kavu, safi, bila chembe. Washa moja ilikuwa imepinda ukingoni kiasi cha kuhisiwa na ukucha, nikaibadilisha, na hiyo iliyopinda nikaitia kwenye bahasha pamoja na mbili nzima ili mzee wa Ngamiani azione atakapopata mtu wa kumletea.